Hakuwa Martiniki

Mwaka huu nafikisha miaka sabini na moja, magoti yananiuma, na sina tena muda wa kusema mambo kwa kuyafunika funika. Nikisema Selma Polius alipata wazimu, nina maana alipata wazimu. Msinikonyeze. Mwenyewe ndiye aliyetufundisha kulitamka neno hilo mchana kweupe, mbele ya kanisa, akiwa na nguo ya sherehe mwilini.

Hapa kijijini kwetu Mon Kasav Selma anajulikana kwa mambo mawili. La kwanza, asubuhi anauza maandazi, samaki wa chumvi na chai ya kakao pale njia panda, na ukimletea noti kubwa kabla ya saa moja atakutukana mpaka usahau ulichofuata. La pili, yeye ndiye manju wa chama chetu cha Waridi. Anatupa mstari, sisi tunaitikia. Bila manju, chama ni kundi la watu wazima waliovaa mekundu juani, basi. Tuna Mfalme na Malkia, tuna polisi na hakimu, wote wa mchezo, na mimi ndiye Nesi: gauni jeupe, kikapu, na chupa ya kuwanusisha wanaozimia kwa ramu. Miaka ishirini na mbili nimekuwa nesi wa uongo. Mgonjwa wa kweli alipotokea, tena jirani yangu, nilijifanya kipofu. Hilo linaniuma mpaka leo, na silisemi ili mnihurumie.

Ma Eudora, mama yake Selma, tunapakana ua. Mumewe, Marcellin, alikuwa mkulima wa viazi, mcheshi barabarani, mkono mwepesi wa kununulia watu kinywaji. Nyumbani alikuwa mnyama. Siku moja, saa ya chakula cha mchana, Selma akiwa na miaka kumi, alimkata mkewe kwa panga mkononi, ati supu imepoa. Mimi ndiye niliyeruka ua. Mimi ndiye niliyeufunga ule mkono kwa shuka. Mtoto alikuwa amesimama kando ya jiko, ameshika mwiko, halii, hapepesi jicho. Tulipofika zahanati wakauliza kumetokea nini, nikajibu, "Ameteleza akaangukia chupa." Hakuna aliyenituma. Lilinitoka tu, kama kwamba lilikuwa limekaa tayari mdomoni.

Basi kijiji kizima kikasema chupa. Marcellin akasema chupa. Padri akasema chupa. Cletus, kaka yake Selma, mvulana wa miaka kumi na minne, naye akasema chupa, na anapiga ishara ya msalaba. Ma Eudora akavaa nguo za mikono mirefu miaka thelathini, jua liwake lisiwake. Selma akiuliza anaambiwa aliota. Mtoto aliyeona kwa macho yake mawili, mnamwambia aliota! Sijui tulitarajia nini.

Akakua, akaimba. Akiwa na miaka ishirini na mitano tayari ni manju, na sauti yake watu wa chama cha Margarita, washindani wetu, walikuwa wakija kuisikiliza kwa kujificha nyuma ya shule. Kisha, juzi juzi tu, Marcellin akafa. Alifia kitandani kwake, ametulia, amepakwa mafuta ya padri, na tukamzika kwa heshima zote. Wiki moja baadaye Selma akaanza kusugua sakafu ya jikoni kwa mama yake.

Alisugua siku tatu. Hakula, hakulala. Ati damu haitoki. Sisi tuliona saruji kavu. Cletus, ambaye siku hizi ni kiongozi wa maombi, akaleta watu wake wakamnyunyizia maji ya baraka, na shangazi mmoja akasema ni jini la kutumwa. Mimi nilikaa upande wangu wa ua, nikasikiliza ile brashi. Nilijua anasugua nini. Siku ya nne akatoka barabarani na gauni la kulalia, anasimamisha magari, anawauliza madereva kwa adabu kabisa, "Samahani, mmeiona chupa?" Polisi wa kweli wakaja wakamchukua, wakampeleka mjini, hospitali ya wagonjwa wa akili.

Asubuhi yake Cletus akapita nyumba kwa nyumba. "Selma kapata kazi ya hoteli Martiniki." Tukasema heri, heri. Kwetu ndivyo ilivyo. Mtu akipotea kwa namna hiyo huwa yuko kisiwa cha jirani, Martiniki, au Kayeni, au kwa shangazi yake asiyejulikana jina. Tunawavusha bahari wote bila pasipoti.

Alirudi Aprili, baada ya miezi saba. Dawa zilikuwa zimemnenepesha, na mikono inatetemeka. Watu wakasema, "Lo, Martiniki kuna chakula!" Cletus alikuwa amempokea njiani na kumpa somo lake: "Dada, sema Martiniki. Kwa ajili ya Mama." Akasema Martiniki siku saba. Nilimwona. Kila akisema, anakwenda nyuma ya meza kunawa mikono.

Siku ya nane akaja Ma Leoncia, mwenye duka kando ya shule. Ma Leoncia ni mdomo kaya, anajua bei ya chupi za kila mtu.

"Selma, mwanangu," akasema, foleni nzima inasikia, "na manukato yangu je? Mtu anakaa Martiniki miezi saba anarudi mikono mitupu?"

Selma akaendelea kugeuza maandazi.

"Au ndio ubahili umejifunza huko?"

Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, sitaficha. Selma akaweka kijiko chini.

"Sikwenda Martiniki, Ma Leoncia. Nilikuwa hospitali ya wendawazimu. Nililala chumba kimoja na wanawake kumi na mmoja, nikala uji kwenye bakuli la plastiki. Manukato hawana. Wana sabuni ya mche. Nikuletee kipande?"

Hakuna aliyecheka tena. Ma Leoncia akabadilika rangi, akashika ukingo wa meza.

"Yesu na Maria! Usiseme kwa sauti!"

"Wewe umeuliza kwa sauti," Selma akamjibu. "Andazi moja au mawili?"

Jioni ile Cletus akaja mbio uani kwa mama yake. Nilikuwa naanua nguo, na sikuondoka. Umbea? Ndiyo, umbea. Ndio ulionifaa siku hiyo.

"Umetuvua nguo!" Cletus anafoka. "Familia nzima umetuvua nguo njia panda!"

"Nguo gani, kaka? Ile ya chupa?"

Jibu lake lilikuwa baya. Akasema tarehe thelathini Agosti, siku ya sikukuu ya Waridi, Selma haimbi. Manju anatakiwa awe na akili zake. Akianza mambo yake katikati ya maandamano, Wamargarita watatucheka mpaka Krismasi.

"Kuimba utaninyang'anya?" Selma akauliza. "Kule ndani, siku ambazo sikulikumbuka hata jina langu, nyimbo nilizikumbuka. Ndicho kitu kimoja ambacho hakikuondoka. Chukua meza, chukua nyumba. Hicho hukichukui."

"Tutaona," akasema Cletus.

Mfalme wetu ni Placide, dereva wa lori la ndizi, mtu mzuri asiye na uti wa mgongo. Cletus alimwendea, Selma alimwendea, naye akaogopa wote wawili. Akasema, "Basi lipelekwe mahakamani." Ninyi msiojua, mahakama yenyewe ni mchezo. Jumapili za mazoezi, baada ya chakula, polisi wetu wanamkamata mtu kwa kosa la kuzua, tunamhukumu chini ya banda la shule, analipa faini ndogo, faini inakuwa ramu. Sheria yake ni moja: mle ndani kweli ni marufuku. Shahidi anadanganya, mshtakiwa anadanganya, na mwenye uongo mtamu zaidi ndiye anayeshangiliwa. Anayesema kweli anatozwa. Na hakimu wetu, kwa miaka tisa, ni Cletus Polius. Hilo ndilo kosa letu. Tulichukua maisha ya mtu tukayapeleka kwenye mahakama ya uongo, tena kwa kaka yake, na hakuna hata mmoja aliyeona ajabu.

Jumapili hiyo banda lilijaa. Cletus amevaa wigi lake la pamba. Polisi akasoma shtaka: kuliacha Waridi bila maji miezi saba. Watu wakapiga makofi. Selma alisimama katikati, mikono ameikunja kwapani kuizuia isitetemeke, na mama yake ameketi nyuma kwenye benchi la watoto.

"Mshtakiwa," Cletus akaanza, kwa sauti yake ya maombi, "ulikuwa wapi? Sema Martiniki, ulipe dola mbili, na tarehe thelathini unaimba. Sema kingine chochote, na utakaa nyumbani. Neno moja tu, dada."

Watu wakanong'ona kwamba hakimu ana huruma. Hata mimi, Mungu anisamehe, nilisema moyoni, sema, mwanangu, sema tu yaishe.

"Siwezi," akasema Selma.

"Ni mchezo, Selma," Placide akamsihi. "Mchezo tu!"

"Nyumbani nako ulikuwa mchezo. Nimeucheza tangu nina miaka kumi, na niliucheza vizuri, hakuna aliyenishinda. Ndio ulionifikisha kule." Akatoa mikono kwapani, akaiacha itetemeke mbele ya watu. "Mimi ni mgonjwa. Nameza vidonge asubuhi na jioni. Daktari kaniambia ugonjwa unaweza kurudi. Ukirudi, nataka mje kuniona hospitali. Sitaki mnitafute Martiniki!"

Cletus akainua nyundo yake ya mti atoe hukumu. Na mimi, na magoti yangu haya, nikajikuta nimesimama.

"Haikuwa chupa!" nikapiga kelele. "Ma Eudora hakuanguka kwenye chupa yoyote. Mimi ndiye niliyesema chupa, na nilisema uongo! Ilikuwa—"

"Nesi, kaa chini."

Hatukuwahi kumsikia akisema kwa sauti ile. Ma Eudora alikuwa amesimama kwenye benchi la watoto, kitu kidogo, hata hafiki bega langu.

"Kaa chini, Ma Vene. Mkono ni wangu."

Akafungua kifungo cha mkono wa gauni, akaupandisha mpaka begani. Kovu lilianzia kwenye kiwiko likapanda, pana, linang'aa. Kuna mtoto aliyelia.

"Ni panga la Marcellin," akasema. "Na supu ilikuwa ya moto. Hata hilo lilikuwa uongo. Binti yangu hakuota. Aliona, na mimi nilimwambia ameota, kwa kinywa changu, kila alipouliza. Hakimu, andika."

"Mama," Cletus akasema, na sauti ya maombi imemwishia, "kwa nini hapa? Kwa nini mbele za watu?"

"Hapa ndipo ulipomleta."

Nilimtazama Cletus, na kwa dakika moja nilimwona yule mvulana wa miaka kumi na minne aliyejificha chini ya nyumba siku ile. Nilimwonea huruma. Huruma haikudumu, maana alijiweka sawa, akaigonga meza na kusema sheria ni sheria, kweli imesemwa mahakamani, mshtakiwa ameshindwa. Hapo Placide akasimama. Mimi nilidhani anakwenda chooni.

"Mimi ndiye Mfalme," akasema, jasho linamtoka. "Sheria ni sheria, sawa. Watatu wamesema kweli, watatu wanatozwa. Nesi, chupa ya ramu. Ma Eudora, keki. Selma Polius, faini yako ni kuimba kutoka mlango wa kanisa mpaka shuleni bila kupumzika. Nimemaliza. Msinipigie kelele."

Tulipiga kelele, bila shaka. Cletus akavua wigi, akalikunja vizuri akalitia mfukoni.

"Ataimba," akasema. "Tuone nani atamwitikia."

Na hicho hakikuwa kitisho cha bure. Sauti nzito zote za chama ni watu wake wa maombi, na wengine hununua kwa mkopo kwa Ma Leoncia, ambaye tangu siku ya maandazi hakumsalimia Selma. Kwetu manju asipoitikiwa mara tatu anavua ua lake kifuani, anampa Malkia, na amekwisha. Hakuna aliyewahi kulipata tena.

Tarehe thelathini misa ilikwisha saa tano. Tukajipanga nje, wanawake mekundu, wanaume suruali nyeupe, na Wamargarita wamekaa ukutani wanakula karanga, wamekuja kutazama mazishi. Selma akasimama mbele. Ma Eudora akasimama kwenye ngazi za kanisa, gauni la mikono mifupi. Ngoma ikaanza.

Selma akatupa mstari wa sikukuu, ule wa kila mwaka: "Waridi langu, mvua imelikosa!"

Jibu lake ni "Lipo, lipo, lingali lipo." Halikuja. Ngoma ikagonga peke yake. Mmargarita mmoja akachekea mkononi.

Akatupa tena. Mimi nikaitikia, kwa sauti yangu ya bata. Haihesabiki, Nesi si mwitikiaji, na ukuta mzima ukaangua kicheko. Cletus alikuwa katikati ya safu yake, amebana midomo, anatazama miti.

Mara mbili. Selma akanyoosha kiganja kuisimamisha ngoma. Nikasema moyoni, ndio basi, anavua ua. Badala yake akageuka, akawapa mgongo Wamargarita, akatutazama sisi usoni.

"Ma Vene, nipe maji," akasema. "Midomo imenikauka. Ni dawa inayonikausha. Dawa ya wazimu, kama kuna ambaye hajasikia. Ningojeni."

Akanywa taratibu, maji yakimwagika kidogo kwa kule kutetemeka. Akanirudishia kikombe, na akiwa bado ametugeukia, akatupa mstari ambao hatukuwahi kuusikia:

"Halikwenda Martiniki, waridi langu, lilikuwa hospitali!"

"Lipo," sauti moja ikaitikia. "Lipo, lipo..."

Ilitoka safu ya pili. Tukageuka. Alikuwa Ma Leoncia. Hakuumaliza mstari. Aliwasukuma waliokuwa mbele yake, akatoka mpaka kwa Selma, akasimama njiani, kofia imekaa upande.

"Selma," akasema, "siku za wageni kule ni zipi?"

"Jumatano na Jumapili, Ma Leoncia. Kuanzia saa nane."

"Nina Fitzroy kule."

Fitzroy ni kitinda mimba wake. Miaka sita mama yake alituambia yuko Kayeni anachimba dhahabu, na sisi, tuliozoea, tukauliza bei ya dhahabu.

"Najua," Selma akajibu.

"Unajua? Tangu lini?"

"Tangu wiki yangu ya kwanza. Ndiye aliyenifundisha kucheza domino."

"Na siku ile nilipokucheka? Mbona hukumtaja? Watu wote walikuwa pale, ungenimaliza!"

"Hakuwa wangu wa kumtaja." Selma akamwekea kofia sawa. "Mpelekee soksi, Ma Leoncia. Nzito. Miguu yake haipati joto."

Ma Leoncia akajipangusa pua kwa mkono wa gauni. Hakurudi safu ya pili, alikaa mbele kabisa, akamgeukia mpiga ngoma na kumfokea, "Unatazama nini? Piga!" Selma akatupa mstari ule ule wa hospitali. Ma Leoncia akaitikia, na Placide, na Malkia, na wale wa sauti nzito mmoja baada ya mwingine, na Ma Eudora kutoka kwenye ngazi, mpaka karanga zikawakwama Wamargarita. Tukaondoka kwenda shuleni. Cletus hakuitikia, na hatukumngoja.